Kifaranga Amegoma Tena

Cheche aliteremka mbele ya geti la Bibi yake akiwa na begi moja, mita ya kupimia umeme imening'inia shingoni kama kipimo cha daktari, na habari nyingi mpaka zinataka kumtokea masikioni. Mtihani wa mwisho wa chuo kaumaliza jana! Umeme wa magari, miaka mitatu, na ule wa vitendo kaongoza darasa zima, msichana peke yake kati ya wanaume ishirini na sita. Mwalimu wao, mtu ambaye tabasamu kwake ni gharama, kamvulia ile mita yake mwenyewe akasema, "Chukua. Usije ukaiangusha." Njia nzima Cheche alikuwa anapanga: aanze na mita amalizie na matokeo, au aanze na matokeo amalizie na mita?

Akalisukuma geti, likajibamiza ukutani. "Bibiii! Hodi! Fundi wenu kafika!"

Hakuna aliyegeuka. Majirani watatu walikuwa wameinama nyuma ya gari dogo la njano, jasho linawachuruzika, wanalisukuma kulitoa uani. Kwenye usukani kakaa Bibi, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kichwani, anatoa amri dirishani kwa sauti ya mtu anayenong'ona kanisani.

"Taratibu... taratibu... haya, sasa!"

Gari likakohoa, likaruka kidogo, likawaka. Honi ikalia yenyewe kwa sauti ya mwenye mafua. Waipa zikafuta kioo kikavu mara mbili, zikakwama katikati kama zimesahau zilikuwa zinaenda wapi.

"Kifaranga kagoma tena," alisema jirani mshona nguo, mkono kiunoni. "Mara ya pili wiki hii. Karibu, mwanangu. Ungewahi dakika tano tu, ungesukuma na wewe."

Kifaranga ndilo jina la gari, kwa ule unjano wake na kwa jinsi linavyolia likipanda mlima. Bibi akamwona mjukuu wake, akafurahi macho yote, halafu kitu cha kwanza alichosema kikawa, "Geti, mjukuu wangu. Watoto wamelala."

Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mtoto wa mwisho kulala katika nyumba ile alikuwa Cheche mwenyewe. Lakini Bibi alikuwa muuguzi miaka thelathini na nane, na yote kaimaliza katika wodi moja, ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, vile vichanga vya kutoshea kiganjani. Mle ndani mlango ukigonga, vyote vinashtuka, na kichanga kikishtuka pumzi inakata. Basi Bibi akajifunza kufunga mlango kama mtu anayefunika chungu cha maziwa. Akastaafu, mkono haukustaafu. Kabati, friji, mlango wa choo, vyote kwake hufungwa bila sauti, na ukikosea tu unasikia, "Watoto wamelala!" Watoto wake walikua hivyo, wajukuu hivyo. Cheche alikuwa hivyo pia, mpaka alipokwenda kuishi bweni ambako mlango wa bafu usipoupiga teke haufungi. Miaka mitatu ilitosha kumharibu.

"Bibi, nina habari—"

"Utaniambia nikirudi. Nimechelewa kliniki." Na Kifaranga akaondoka, taa ya kushoto inakonyeza bila kuambiwa.

Kila Jumanne na Ijumaa Bibi alikwenda kliniki ya kujitolea, kuwafundisha mama wapya namna ya kumbeba mtoto mdogo kuliko mkate. Hakuna aliyemlipa na hakuna aliyemtuma. Lakini siku hizo mbili ndizo zilizozishikilia siku nyingine tano zisidondoke.

Jioni ile, kabla Cheche hajapata nafasi ya kufungua mdomo, Mjomba akaingia. Mjomba ndiye kifungua mimba wa Bibi, mwalimu wa hesabu, mtu mwema sana isipokuwa akianza kuthibitisha jambo. Akaketi, akakunja mikono ya shati, Cheche akajua leo tumekwisha.

"Mama, tuliangalie hili suala kwa utaratibu. Betri tumebadilisha?"

"Mara mbili," alisema Bibi.

"Gereji limekwenda?"

"Mara tatu."

"Likilala gereji?"

Bibi akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Linawaka."

"Nikilichukua mimi, likalala kwangu?"

"Linawaka."

"Na likilala hapa?"

Bibi akaendelea kukoroga.

"Basi Mama, sisemi kwa ubaya. Ukiondoa betri, ukiondoa gari, kinachobaki ni..." Hakumalizia. Hata mwalimu wa hesabu kuna jibu linalomshinda kuandika ubaoni. "Umri una mambo yake. Mtu anaacha taa, anaacha redio, hajui. Leo ni taa. Kesho ni breki. Kuna mtu analitaka gari. Jumapili saa nne nitakuja, tulimalize kwa amani."

Cheche alitaka kuruka juu ya meza. Lakini jicho lake lilikuwa limeangukia mkono wa Bibi uliokuwa umeshika kijiko. Nyuma ya kiganja, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko ule ule wa kadi za wagonjwa, paliandikwa: *Taa nimezima. Redio nimezima. Ufunguo nimetoa.* Mstari juu ya mstari, na juu ya mistari ya jana iliyokataa kutoka kwa sabuni. Jamani! Mwanamke aliyekuwa anakumbuka uzito wa kila kichanga wodi nzima, leo anajiandikia mkononi kama mtoto wa chekechea, kwa kuwa wamemwambia anasahau, na amekubali.

Habari zote za Cheche zikamshuka tumboni.

"Mjomba," alisema, "nipe mpaka hiyo Jumapili."

"Wewe?"

"Mimi. Sasa nilikwenda chuo kusuka nywele?"

Mjomba akamwangalia, akaangalia mita shingoni, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Haya, mjomba wangu. Jumapili saa nne. Kifaranga akiwaka kwa ufunguo, bila kusukumwa, ufunguo unabaki kwenye msumari wake. Asipowaka, unaingia mfukoni mwangu."

Kabla jua halijazama Cheche alikuwa ameshaibeba ile betri mpaka gereji ya Babu Plagi, ichajiwe mpaka asubuhi. Babu Plagi alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ambayo mafuta yake tu yangeendesha gari mpaka mji wa pili. Gereji yake ilikuwa na kelele za kutosha harusi mbili: nyundo, redio, na milango ya magari inayopigwa paa! paa! kama vile kila mlango umemkosea mtu.

"Gari la Bibi yako halina ugonjwa," alisema kwa kupiga kelele, ndiyo sauti yake ya kawaida. "Nimelilaza hapa mara tatu. Asubuhi nikilionyesha ufunguo tu linawaka. Hilo lina deko. Kwa wageni linajifanya zima, likirudi kwao linaumwa."

Cheche akacheka, lakini maneno yale yakamganda. Kwa wageni zima, kwao linaumwa.

Jumamosi asubuhi akajifunga kitenge juu ya suruali, akamfungua Kifaranga boneti kama mdomo, akairudisha betri mahali pake. Kwanza akaliwasha, kupima kama injini inaichaji betri: volti kumi na nne pointi mbili, safi. Akazima. Akasubiri. Sasa kazi yenyewe. Gari lililolala nalo hunywa umeme, lakini kwa tone tone, la kutosha saa isisahau wakati. Likinywa kwa kata, mpaka asubuhi mtungi mtupu. Na betri ikiwa na njaa, kila kitu garini kinakuwa na kichaa chake: honi inakohoa, waipa zinatembea, kioo kinakwama. Maradhi ni moja, hayo mengine ni homa tu. Akachomoa waya wa hasi, akaipitisha mita katikati ili umeme wote upite machoni pake, akafunga mlango, paa!

"Watoto wamelala!" Bibi akaita kutoka barazani.

"Samahani, Bibi!"

Akasubiri gari lisinzie. Mita ikashuka, ikashuka, ikatulia: ampea sifuri pointi sifuri tatu. Tone. Afya tupu.

Cheche akaikunjia uso ile namba. Akafungua mlango, akatikisa nyaya chini ya usukani, akafunga, paa! "Watoto—" "Samahani!" Tone. Akachomoa fyuzi moja moja, akazipanga kwenye sahani kama karanga. Redio, tone. Vioo, tone. Taa, tone. Akafungua buti, akafunga, paa! Akaingia ndani akachungulia kila kitu. Taa ya darini haikuwa na glopu. Kwenye dashibodi pamebandikwa plasta ya kidonda, akadhani inaficha ufa, akaendelea. Mlango, paa! Bibi hakuita tena. Alikuwa anashtuka tu kimya kimya kwenye kiti chake, mara moja kwa kila mlango.

Mpaka saa sita mchana Cheche alikuwa ameshamaliza yote aliyofundishwa na machache aliyobuni. Akakaa chini, mgongo kwenye tairi. Na hapo likamjia, lile wazo baya, bila hodi: labda Mjomba kasema kweli. Labda Bibi anaacha taa. Akalifukuza. Likarudi likakaa.

"Mgonjwa anaendeleaje?" Bibi alikuwa kasimama na vikombe viwili vya chai.

"Joto kawaida, mapigo kawaida," alisema Cheche. "Hataki tu kusema anaumwa wapi."

"Ndio wabaya hao. Niliwahi kuwa na mmoja, kila daktari akipita yuko sawa, daktari akigeuka mgongo anageuka bluu. Unajua tulimpata vipi? Tulikaa tukamwangalia, hatukumgusa." Akampa kikombe. "Ngoja nichukue miwani yangu, nimeiacha humo mlangoni."

Bibi akafungua mlango wa dereva, akatoa miwani, akaufunga. Unajua ile sauti ya kurasa mbili za kitabu zikikutana? Hata hiyo haikusikika.

Mita ikaruka. Nne. Tatu. Mbili pointi moja. Hapo ikasimama.

Si neno, Cheche alijiambia, mlango umefunguliwa, gari limeamka, litalala. Akanywa chai. Mbili pointi moja. Akahesabu nguo za jirani kwenye kamba. Mbili pointi moja. Dakika kumi zikapita, chai ikapoa, gari macho makavu, usingizi hauji! Hiyo haikuwa tone, hiyo ilikuwa kata, na toka jioni mpaka asubuhi ingeikausha betri ile isiweze kuwasha gari.

"Bibi," alisema polepole, "umegusa nini?"

Uso wa Bibi ukashuka. Mkono wa kulia ukaufuata wa kushoto, kidole kikaanza kusoma ile mistari ya bluu. "Sijagusa kitu. Miwani tu. Nimeacha nini tena, mjukuu wangu?"

"Hapana, hapana! Hujaacha kitu!" Cheche karuka mpaka kikombe kimeanguka. Akauendea ule mlango. Kwa macho ulikuwa umefungwa kabisa, usingempa mtu wasiwasi. Akauegemea kwa nyonga.

Tik.

Akaganda. Akarudi kwenye mita. Moja. Sifuri pointi tano. Halafu, baada ya muda ambao Cheche hakupumua, tone.

"Bibi! Bibi wewe! Fungua tena! Funga! Funga kama unavyofunga!"

Bibi akafunga. Mbili pointi moja. Cheche akapiga nyonga, tik, tone. Wakarudia mara nne, na mara ya nne Cheche alikuwa anacheza, mita juu kama kombe.

"Loki ya mlango ina meno mawili," alieleza, maneno yanakanyagana. "Jino la kwanza linaushika mlango usifunguke. Jino la pili ndilo linaloliambia gari, haya, mlango umefungwa, kalale. Wewe unaishia jino la kwanza! Kwa hiyo gari linakaa usiku kucha linajua kuna mtu mlangoni, linamsubiri aingie! Babu Plagi anabamiza, Mjomba anabamiza, mimi nabamiza. Kwetu sote linalala. Kwako tu ndio linakesha!"

"Lakini taa ya juu ingewaka, ningeona."

"Glopu iko wapi?"

Bibi akafikiri. "Niliitoa mimi. Ilikuwa inawapiga machoni vitukuu ninapowarudisha kwao usiku."

Cheche akaingia ndani, akaibandua ile plasta ya dashibodi. Chini yake palikuwa na kitaa chekundu chenye picha ya mlango. "Na hiki?"

"Ah, hicho! Kilikuwa kinanikodolea njia nzima kama mgonjwa anayetaka maji. Nikakifunga kidonda."

Cheche alicheka mpaka akakaa chini tena. Halafu akaacha ghafla, maana alielewa kwamba Bibi yake amekuwa akiendesha barabarani na mlango ulioshikwa na jino moja. Akaapa jambo lile halitamfikia mama yake mzazi.

"Sasa mjukuu wangu, hilo si kubwa. Nitabamiza." Bibi akashika mlango, akafumba macho, akakaza mdomo, akaurudisha nyuma mpaka mwisho, akaurusha kwa nguvu zake zote. Nusu ya njia mkono ukaukimbilia, ukaupokea, ukaulaza mahali pake. Kimya. Jino la kwanza.

Wakatazamana.

"Umekataa," Bibi alisema, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Uache," alisema Cheche. "Hatubadilishi mkono. Tutabadilisha mlango." Na alipopiga magoti kutazama, akakiona kitu kingine. Mpira unaozunguka ukingo wa mlango ule ulikuwa mpya, mweusi, mnene kama mkunga wa baharini, unausukuma mlango utoke kila unapotaka kuingia. "Bibi, huu nani kaweka?"

Bibi akamtajia. Cheche akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mchana wote akafanya kazi kwa raha, anaimba. Akaosha loki mpaka ikang'aa, akaipaka grisi. Akaulegeza ule mpira, akaupunguza unene kwa wembe pale ulipozidi. Kisha akalegeza skrubu mbili za lile komeo la chuma kwenye nguzo ya mlango, ambalo loki hulishika, akalisogeza nje kwa upana wa ukucha, akakaza. "Jaribu." Bibi akajaribu. Bado. Akalegeza, akasogeza ukucha mwingine. "Jaribu." Mara ya sita Bibi akaufunga mlango kwa mkono wake ule ule wa wodini, na wote wawili wakasikia, ndogo, safi, kama kifungo cha shati:

Tik.

Jumapili saa nne kamili Mjomba akaingia kwa miguu, uso wa mtu aliyelala vibaya. Yule anayelitaka gari hakuja naye. Alisema tu atampigia simu. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake karibu na kalenda. Bibi akauchukua, akampa.

"Washa mwenyewe, usije ukasema nimeloga."

Mjomba akaketi kwenye usukani. Majirani watatu wakasimama getini, mikono tayari, nguvu ya mazoea. Akazungusha ufunguo, na Kifaranga akawaka kabla hajamaliza kuuzungusha! Honi kimya. Waipa zimelala. Mshona nguo akapiga vigelegele.

"Mara moja si uthibitisho," alisema Mjomba, lakini midomo yake ilikuwa imeanza kulegea.

Cheche akamthibitishia. Akatoa mita, akalilegeza komeo kulirudisha lilipokuwa, akamfanya abamize, akamfanya afunge kama mama yake, akamwonyesha namba, moja baada ya nyingine. Mjomba alifuata hatua zote kwa kichwa, anaitikia, mwanafunzi bora. "Kwa hiyo Mama amekuwa akifunga hivi miaka yote. Basi kwa nini shida imeanza miezi mitatu tu iliyopita? Kuna kitu kimebadilika."

"Swali zuri," alisema Cheche. "Mpira huu umewekwa lini?"

Mjomba akautazama mpira. Akautazama tena.

"Mvua ilikuwa inamwingilia Mama," alisema hatimaye. "Nilitafuta ule mnene kuliko yote dukani." Akavua miwani. "Kwa hiyo kilichobaki nilikuwa mimi."

Cheche alikuwa na mizaha kama saba hivi tayari ulimini. Akameza yote saba, maana Mjomba alikuwa ameushika mkono wa Bibi, ule wa kushoto, akaona maandishi, na akayasoma mpaka mwisho. Hakuwa ameyaona kabla.

"Mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Tangu siku ile sijalowa." Bibi akageuza kiganja, akakiacha wazi. Mjomba akauweka ufunguo pale katikati, taratibu sana, usitoe hata mlio.

Kisha Bibi akaenda bombani, akasugua nyuma ya mkono kwa sabuni na jiwe la miguu. Akarudi anadondosha maji, ngozi imekuwa nyekundu, bluu imebaki kidogo tu kwenye mikunjo. Alipokaa kwenye usukani Cheche alikuwa ameshalirudisha komeo. Bibi akaufunga mlango. Tik.

"Ingieni," alisema. "Sina pa kwenda leo, ndio maana nataka kwenda."

Mjomba akakunja magoti kiti cha nyuma. Cheche akakaa mbele, mita mapajani. Wakapita getini, majirani wanapunga mikono kwa huzuni kidogo ya watu waliopoteza kazi. Walipofika kwenye lami Bibi akabadilisha gia, akamtazama kwa upande.

"Haya, mjukuu wangu. Tangu juzi una kitu mdomoni. Sema."

Wee! Cheche akavuta pumzi, na habari zote zikaja mlangoni kwa pamoja.

"Basi Bibi, unaiona hii mita?"